Shangazi, bibi wa mtoto ninayemlea amepatikana na mimi sina nguvu ya kumwachia

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nimeolewa, mume wangu ni dereva wa malori, na tuna mtoto mmoja wa kuzaa, Baraka, mwenye miaka 11. Baada yake sikupata tena.

Miaka minne iliyopita mtoto wa kike alikutwa usiku stendi ya Msamvu, amekalia mfuko wa rambo, hana mtu. Mama lishe mmoja akampeleka polisi, dawati la jinsia na watoto. Wao wakamkabidhi ustawi wa jamii, na ustawi wakampeleka makao ya watoto. Alikadiriwa kuwa na miaka miwili na nusu. Alikaa pale miezi mitano haongei. Kanisani kwetu kukatangazwa kwamba zinatafutwa familia za kulea, nikambembeleza mume wangu, tukajaza fomu. Afisa alikuja nyumbani mara tatu, akakagua mpaka choo na mahali mtoto atakapolala, akahoji majirani na mjumbe. Ndipo tukakabidhiwa kwa malezi ya kambo. Siku ile afisa alituambia wazi kwamba familia yake ikipatikana atarudi. Tukaitikia. Lakini Shangazi, nani hukumbuka maneno hayo mtoto akishakulalia begani?

Tulimwita Neema kwa sababu hakuwa na jina. Mwezi wa kwanza alilala na viatu. Ukimvua anaamka, analia bila sauti, machozi tu. Nikitandika kitanda asubuhi nakuta vipande vya andazi na ugali mkavu chini ya mto. Nilikuwa naviacha palepale, naongeza kingine kipya, mpaka siku moja akaacha mwenyewe. Alipoanza kuongea, neno lake la kwanza lilikuwa "Zuu". Anajipigapiga kifuani, "Zuu". Tulicheka, tukajua ni lugha ya kitoto. Sasa yuko darasa la kwanza. Anachora kila mahali, ukuta wa uani umejaa mkaa. Ananiita mama.

Mwezi wa tano afisa ustawi alinipigia niende ofisini. Bibi yake amepatikana, mama wa mama yake, yuko kijijini Kondoa. Binti wa huyo bibi alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, akamchukua mtoto. Akaugua, akafia hospitali. Mwanamke aliyekuwa amepanga naye akampandisha mtoto basi la Dodoma, akampa konda namba ya simu ya bibi, kwamba atapokelewa huko. Basi liliposimama Msamvu mtoto akashuka, basi likaondoka. Bibi amemtafuta Dodoma, amemtafuta Dar, hakuna aliyefikiria Morogoro. Ana kadi ya kliniki ya mtoto. Alitaja kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto kabla hajaonyeshwa picha. Vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu navyo vimekubali.

Jina lake ni Zuhura. Ile Zuu.

Bibi alipewa namba yangu. Mara ya kwanza alipopiga nilikuwa kwenye mashine, nikaweka spika. Akasema, "Zuhura wangu yuko hapo?" Mtoto alikuwa sakafuni anachora, mkono ukasimama. Nikakata simu. Tangu siku hiyo nikiiona ile namba nazima sauti. Afisa alipopanga bibi aje Morogoro kumwona, nilimwambia mtoto ana tetekuwanga. Hakuwa na tetekuwanga.

Shangazi, yule mama ana miaka 63. Nyumba yake ni ya udongo, haina umeme, anaishi kwa mtama na mbuzi wachache. Ni Mwislamu, sisi ni Wakristo, na Neema anaimba kwaya ya watoto. Hajui hata neno moja la Kirangi, lugha ya huko Kondoa. Na miaka yote minne huyo bibi alikuwa wapi? Rafiki yangu ananiambia nitafute wakili nimuasili haraka. Mume wangu hasemi kitu, anaongeza safari tu. Kuna siku nawaza kumchukua mtoto niende naye kwa dada yangu Mbeya, nibadilishe na laini ya simu.

Mtoto sijamwambia lolote. Wiki mbili hizi ameanza tena kukojoa kitandani. Jana nilikuta kipande cha chapati chini ya mto wake.

Nifanye nini?

Mama Baraka, Morogoro

* * *

Marahaba, Mama Baraka.

Nianze na hicho kipande cha chapati, maana ndicho kilichonifanya niweke pembeni barua nyingine zote za wiki hii. Unasema hujamwambia mtoto lolote. Mwanangu, ameshajua. Mtoto aliyewahi kupoteza watu wake husoma nyumba kama mkulima anavyosoma mawingu. Amesikia sauti kwenye spika ikimwita kwa jina alilokuja nalo Msamvu, jina ambalo kwa miaka minne hakuna aliyemjibu. Amekuona ukikata simu. Anakusikia ukilia usiku. Hajui ni kitu gani kinakuja ila anajua kinakuja, na anajiandaa kwa njia ileile aliyoitumia akiwa mdogo, kuweka akiba ya chakula.

Kwa hiyo kabla ya mahakama, kabla ya Kondoa, kabla ya lolote, zungumza naye. Si jioni ukiwa umechoka. Chagua mchana, mkiwa mnafanya kitu kwa mikono, labda anachora na wewe unapiga pindo. Mwambie kwa maneno mafupi: "Ulipokuwa mdogo sana ulipotea stendi. Hukutupwa. Mama yako alikuwa mgonjwa akafariki, na bibi yako alikuwa anakutafuta siku zote. Sasa amekupata. Jina alilokupa ni Zuhura. Wewe ulituambia, sisi hatukuelewa, na ninakuomba msamaha." Kisha nyamaza. Akiuliza jambo, jibu hilo tu. Akirudi kuchora, mwache achore. Atauliza tena baada ya siku tatu akiwa anakoga. Neno "hukutupwa" usilisahau. Nilifanya kazi na watoto wa makao miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na sijakutana na mtoto wa stendi ambaye hakuwa akibeba moyoni shaka kwamba alitupwa kwa kosa lake mwenyewe. Wewe unayo habari ya kumwondolea mzigo huo, na umeikalia tangu mwezi wa tano.

Nimekwambia kwa ukali kidogo. Sasa nikwambie na lile lingine, kwa sababu barua yako haionyeshi kama unalijua.

Ulichofanya na vile vipande vya andazi, kuviacha na kuongeza kipya, hakuna semina iliyokufundisha. Wengine wangemchapa kwa kuleta sisimizi. Bucharest, Romania, kulifanyika utafiti ulioanza mwaka 2000. Watoto wachanga na wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya serikali waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipelekwa kwenye familia za kulea, nusu wakabaki kwenye huduma za kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, kwa akili na kwa uwezo wa kumshika mtu mmoja na kumwamini. Mtoto wako alikaa miezi mitano haongei, leo anaimba kwaya. Amejifunza kwako kwamba mtu mzima anaweza kutoka asubuhi na jioni akarudi. Ataondoka nalo hilo, na ndilo litakalomwezesha kumpenda bibi yake. Mtoto ambaye hajawahi kumshika mtu kwa nguvu hana cha kuhamishia kwa mwingine.

Lugha yetu haijakutendea haki. Tukisikia "kambo" tunakumbuka mama wa hadithi, yule anayempa mtoto wa mwenzake makombo na kumpeleka kisimani usiku. Kumbe malezi ya kambo, kama yanavyotajwa na ustawi, ni kazi ya kumbeba mtoto wa mtu katika kipande cha njia ambacho watu wake hawapo. Kipande chako kimekuwa kirefu, miaka minne si mchezo, na ninaelewa kwa nini umeanza kukiona ndiyo njia yote.

Mbeya ifute leo. Mtoto ulikabidhiwa na ustawi kwa maandishi. Ukiondoka naye na kuvunja laini, si mlezi tena, ni mtu aliyemficha mtoto wa watu. Na yeye atakuwa amepotezwa mara ya pili, safari hii na mtu anayemwita mama. Atakuja kujua. Ana kovu kiwikoni na ana bibi asiyechoka kutafuta. Siku atakayojua akiwa na miaka 17 sipendi uione.

Kuasili nako, rafiki yako anakutakia mema lakini hajui anachosema. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Kwenye faili hilo kutakuwa na kadi ya kliniki, majibu ya Mkemia Mkuu, na bibi wa damu anayesimama na kusema namtaka mjukuu wangu. Utatumia pesa na miezi mingi ili jaji akuulize swali lilelile ninalokuuliza mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ukoo wake. Hiyo haki ni ya Zuhura. Si ya bibi, si yako.

Unauliza bibi alikuwa wapi miaka minne. Mwanangu, umejijibu mwenyewe huko juu kwenye barua yako. Alikuwa Dodoma akiuliza stendi. Alikuwa Dar es Salaam, mtu wa mtama na mbuzi, akizunguka mji asioujua na kadi ya kliniki kwenye mkoba. Aliitunza kadi hiyo miaka minne. Mzike binti yako bila kumwona, kisha usijue mwanawe analala wapi. Ungekuwa wewe, ungependa mlezi azime sauti ya simu?

Umaskini. Nyumba ya udongo na koroboi vimekutisha, nakubali. Ila Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema bayana kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa watu wake, wala ya kuzuia asirudi kwao. Umaskini unaitwa kusaidiwa. Muulize afisa kama kaya ya bibi iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na kama haipo, wenzake wa Kondoa wanaweza kufanya nini. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini sare, daftari na viatu vinanunuliwa. Wewe ni fundi. Sare mbili kila Januari kutoka mikononi mwako zitafika Kondoa kwa basi.

Yapo mambo mengine ambayo ningeyauliza kwa ukali kuliko hilo la umeme, na hapo nakuunga mkono kabisa. Nani mwingine analala katika nyumba ile? Kuna mjomba mlevi? Zuhura atalala na nani? Bibi ana miaka 63, akiugua nani anamchukua mtoto, shangazi yupi, yuko wapi? Shule ni mwendo gani, na njia inapita wapi? Je, bibi anajua mtoto anakojoa kitandani, na atamfanyaje? Afisa wa Kondoa anapaswa kwenda pale kama yule wa kwenu alivyokuja kwako, akague mpaka choo. Majibu yakiwa mabaya, sema, yaandikwe. Hofu za namna hiyo zitasikilizwa, lakini zitasikilizwa kwa mtu anayeaminika, na wewe ile tetekuwanga imekupunguzia imani hiyo. Ndiyo maana lazima uiungame mwenyewe kabla haijagunduliwa.

Dini. Sitakuambia ni jambo dogo, kwa sababu kwako si dogo. Amelelewa katika imani yako kwa upendo, hakuna atakayelifuta hilo. Lakini alizaliwa Zuhura, mtoto wa Waislamu. Katika dini ya bibi yake kulea yatima ni ibada kubwa, na yatima huyo hubaki na nasaba yake, hageuzwi wa mlezi. Kwa hiyo lile jina Neema litamchoma bibi mahali usipopatarajia. Usibishane naye. Anza nyumbani kumwita Zuhura, au Zuu kama alivyojiita mwenyewe, na Neema libaki jina la kwako na la Baraka. Watoto wetu wengi wana jina la nyumbani na jina la shule, hawachanganyikiwi. Mwombe bibi asimfokee akiimba nyimbo za kwaya. Na wewe usimtume Kondoa akiwa na kazi ya kumbadilisha bibi.

Sasa namna ya kumvusha. Jambo moja nakusihi umbane nalo afisa: asikabidhiwe siku moja, ofisini, na begi. Alishawahi kupandishwa chombo na kupelekwa kwa mtu asiyemkumbuka, tunajua ilikoishia. Bibi aje Morogoro kwanza, akae siku kadhaa. Wapike pamoja. Zuhura amwone mama yake Baraka akicheka na bibi kwenye sinia moja, maana mtoto hutazama uso wako kujua kama mtu ni salama. Kisha nendeni wewe na yeye, treni ya SGR mpaka Dodoma, basi mpaka Kondoa, mlale huko. Ulale kwenye nyumba ya udongo, uone anapolala, uchote maji na yule mama. Likizo ya Desemba akae wiki moja bila wewe, nawe umwambie siku gani unakuja, na ufike siku hiyo hiyo hata ikiwa mvua. Akionekana ameanza kutulia, Januari aanze shule kule. Kama hajatulia, muda uongezwe. Kifungu cha 11 cha sheria ileile kinamtaka mtoto anayeweza kutoa maoni asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Miaka sita na ushee anaweza. Hatapewa mzigo wa kuchagua kati yako na bibi, hilo ni kosa kubwa watu wazima hulifanya. Aulizwe mambo ya ukubwa wake: aende na blanketi lipi, apige simu siku zipi, nani amsindikize.

Kirangi kitarudi. Aliwahi kukisikia miaka miwili ya mwanzo wa maisha yake. Mwombe bibi, kwa simu ya jirani mwenye WhatsApp, akutumie sauti: salamu, maji, njoo ule, lala salama, na wimbo wowote aliokuwa akimwimbia. Mchezeshee akiwa anachora. Na kuhusu kuchora, Kondoa ndiko iliko michoro ya miambani ya Kolo, iliyoandikwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtoto anayejaza ukuta wa uani kwa mkaa atapenda kuambiwa kwamba watu wa kwao wanaishi jirani na miamba iliyochorwa na watu wa kale.

Andaa daftari. Bandika picha za Msamvu, za makao kama wanazo, za kwaya, za siku ya kwanza shuleni, ya Baraka akimfundisha baiskeli. Andika jino la kwanza liling'oka lini. Bibi atapachika zake nyuma na mbele, na ile kadi ya kliniki ikae humo. Watoto wanaohamishwa hupoteza miaka mizima kwa kukosa mtu wa kuwakumbusha.

Baraka usimsahau. Ana dada anayeondoka na hajaambiwa. Mwambie siku ileile utakayomwambia Zuhura, mpe naye haki ya kulia. Mumeo anaongeza safari kwa sababu barabarani hakuna anayemwona machozi. Mwache dereva mwenyewe aendeshe safari moja ya Kondoa na familia yake, najua itamfaa kuliko maneno. Nawe tafuta wa kumlilia, mtu mzima, ukiwa mbali na chumba cha watoto. Utalia sana, sina dawa ya hilo. Mlezi ambaye halii siku ya kuagana huwa namtilia shaka.

Siku yoyote huko mbele, ukisikia Zuhura anapigwa au ananyimwa, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Mwambie na yeye namba hiyo, aikariri kama wimbo.

Jumatatu ofisi ya ustawi inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Fika mapema kabla ya foleni. Mwambie afisa kuhusu tetekuwanga na kuhusu simu, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Atakukasirikia kidogo, kisha ataandika tarehe mpya ya bibi kuja.

Jioni, Zuhura akishatoka shule na kula, piga ile namba. Weka spika, mpe simu, umwache yeye aseme haloo.

Shangazi